Mkate wa Kichuguu

Kabondo-Dianda, 10 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Baba. Barua hii nimempa Djo, mwenye pikipiki anayepeleka samaki Kamina, kwa sababu simu hapa inashika tu ukipanda kilimani, na huko nako inakata kabla hujamaliza salamu.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Hénoch alinileta kwao mara tu baada ya arusi, na tayari najua njia ya kisimani, njia ya shule na njia ya kanisa. Nimepewa darasa la pili. Wanafunzi wangu wanacheka nikisema Kiluba. Wanasema ni Kiluba cha watoto wa reli, kimechanganyika na kila kabila lililowahi kushuka kwenye stesheni ya Kamina. Jioni nakaa nje na mama mkwe wangu, Mama Ndaya, tunamenya karanga. Haongei sana. Juzi alinipa chupa ya asali ya msituni, nyeusi, ina vipande vya nta ndani, akaniambia nisimwonyeshe Hénoch maana ataimaliza.

Sasa nina ombi. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu kikubwa, kirefu kuliko Hénoch, ambacho mchwa walikihama zamani. Hénoch amechimba tanuru tumboni mwake, kama lile la kwetu. Mkate hapa unaonekana siku mtu akitoka Bukama tu, nao unafika umekauka. Nataka kupika mkate wako. Nimekaa karibu na tanuru lako maisha yangu yote, lakini nilikuwa nasubiri kula, sikuwa natazama. Niandikie: unga kiasi gani, maji kiasi gani, na unajuaje kwamba umeiva.

Kuna jambo jingine linanizunguka moyoni. Umepika mikate ya arusi za mtaa mzima wa reli, lakini kwenye arusi yangu tulikula mikate ya kununua. Labda ulikuwa umechoka. Sikutaka kuuliza mbele ya wageni.

Binti yako,
Chancelvie


Kamina, 30 Septemba 2023

Mwanangu Chance,

Barua yako imefika, na samaki aliotuma Hénoch wamefika pia. Umwambie asante.

Sisi tuko wazima. Mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limelala, na mpera wetu umetoa maua. Baba yako anaamka mapema kama mtu anayekwenda kazini, halafu anakwenda kukaa karibu na stesheni na wastaafu wenzake, wanabishana juu ya treni. Jirani yetu Kabedi anakusalimu. Amepaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo hata yeye haipendi.

Mkate hauandikwi. Ni kitu cha mkono. Kula bukari ya mihogo kama wenzako hapo, na asali unayo.

Juu ya arusi, kazi zilikuwa nyingi. Watu walikula wakashiba. Usizungushe jambo hilo moyoni.

Mama yako,
Mbombo


Kabondo-Dianda, 22 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Nimejaribu bila wewe. Nikwambie ilivyokuwa, ucheke.

Hénoch aliniletea unga wa ngano kutoka Bukama, lakini alisahau hamira. Nikakaa kwenye kiti nikataka kulia. Mama Ndaya aliutazama unga, akanitazama mimi, akasema, "Moto iko, unga iko, njo nini itatushinda?" Akatoka, akarudi na malafu ya mchikichi yaliyogemwa asubuhi hiyo, bado yanatoa povu. Tukakanda unga kwa malafu mahali pa maji. Mama, uliumuka mpaka ukasukuma kifuniko cha sufuria.

Hapo tukafurahi mapema. Tuliuingiza tanuruni moto ukiwa mkali mno, nje ukawa mweusi kama kaa na ndani ulikuwa uji. Mbuzi wa jirani waliumaliza. Mama Ndaya anasema tutajaribu tena, kwa hiyo nadhani tutajaribu tena.

Masuku yameanza kuiva. Nikitoka shuleni napita msituni naokota chini ya miti, nakula nikitembea, mikono yangu inanata mpaka nyumbani. Ningependa unione. Ninachoka upesi siku hizi, lakini ni homa ndogo tu, itapita.

Mama, nakuuliza kwa heshima, nisamehe nikikosea. Je, ni kwa sababu ya Hénoch? Hukuwahi kusema neno baya juu yake. Lakini hukupika mkate wa arusi yetu, na asubuhi ya safari hukutoka kutuaga kwenye pikipiki, Baba alisema umelala. Sasa hutaki hata kuniambia unga kiasi gani. Kama hukutaka niolewe kijijini na mwana wa wakulima, ni afadhali niambiwe.

Binti yako,
Chancelvie


Kamina, 12 Novemba 2023

Chancelvie,

Sina neno na mume wako. Ni kijana mzuri na anafanya kazi. Usiandike tena kitu kama hicho.

Nimesoma juu ya Mama Ndaya na malafu yake. Kila barua yako ina Mama Ndaya ndani. Ni vizuri. Umepata mama wa kukufundisha, basi fundishwa.

Nimempa Djo vyombo vyangu vya kuokea mikate, vyote, vimefungwa kwenye kitenge. Kimoja kimebonyea pembeni lakini hakivuji. Mimi sivihitaji.

Usiniulize tena mambo ya mkate.

Mbombo


Kamina, 3 Desemba 2023

Mwanangu Chance,

Huyu ni baba yako, Amédée. Utashangaa, maana mimi si mtu wa barua. Mama yako amekwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nami naandika upesi kabla hajarudi.

Alinisomea yale uliyoandika juu ya Hénoch. Alisoma mara moja, akaikunja barua, akaenda kukaa chini ya mpera mpaka jua likazama. Mimi nilitaka kunyamaza kama alivyoniomba. Lakini nikiona mama na mtoto wanapotezana kwa jambo ambalo si kosa la mtu yeyote, siwezi.

Mama yako hasikii harufu. Hata moja. Unakumbuka ile homa ya mafua iliyomlaza wakati wa Kwaresima, wewe ulipokuwa unamalizia masomo Lubumbashi. Alipona, lakini pua haikurudi. Kahawa kwake ni maji ya moto. Samaki na sabuni ni kitu kimoja. Mganga wa kituo cha afya amemwambia kwamba pengine itarudi, pengine haitarudi.

Siku moja alikuwa ameketi jikoni anachambua maharage, na nyuma yake pazia lilikuwa linaungua. Kabedi aliona moshi dirishani, akaingia na ndoo ya maji. Mama yako alishtuka kwa sababu ya kelele, si kwa sababu ya moshi. Tangu siku hiyo anaogopa moto wake mwenyewe.

Lakini mkate wa arusi yako aliupika. Alikanda tangu asubuhi, peke yake, mlango umefungwa. Alipomaliza akamwita Kabedi aonje. Kabedi ni rafiki wa kweli, hakumdanganya. Alimwambia polepole, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, hii mukate inachacha. Haukuisikia?" Mikate yote ilikwenda kwa nguruwe wa mtaa, nami nikatumwa kununua mingine. Siku ya safari yenu hakuwa amelala. Alikuwa chumbani, ameshika ile nguo yako ya zamani uliyoiacha, anaitafuta harufu yako.

Alijua mkate kwa pua, Chance. Hana kipimo cha unga wala maji. Ulipomwomba akufundishe, ulimwomba kitu ambacho yeye mwenyewe amekipoteza.

Usimwandikie kwa huruma. Huruma ataikataa. Sijui umwandikie nini. Mimi nilikuwa fundi wa injini, vitu kama hivi vinanishinda.

Baba yako,
Amédée


Kabondo-Dianda, 20 Desemba 2023

Mama yangu,

Kwanza nakuomba msamaha kwa niliyoandika juu ya Hénoch. Pili, nina habari niliyokuficha.

Ile niliyoiita homa si homa. Nina mimba. Mtoto atakuja mwezi wa tano, Mungu akipenda. Sikukwambia kwa sababu nilifikiri una hasira na ndoa yetu, nikaogopa kukuletea furaha ambayo huitaki. Sasa naona nilikuwa mjinga.

Vyombo vyako vimefika. Nimevipanga juu ya meza, na Mama Ndaya amevifuta kila kimoja ingawa vilikuwa safi. Siku hiyohiyo alinishinda kwa swali. Alisema, "Mama yako anakutumia mikono yake, na weye haukumwambia kama uko na mimba?" Ndiyo maana naandika leo.

Na sasa nisaidie, maana nimekwama. Tangu mimba hii, pua yangu haina faida. Harufu ya malafu inanitapisha. Unga ukianza kuumuka nakimbilia nje. Mkate ukiwa tanuruni nakaa mbali, upande unakotoka upepo, na kitambaa usoni, na hapo siwezi kujua kama unaiva au unaungua. Mama Ndaya ananusa kila kitu, lakini mkate hakuzaliwa nao, hajui anatafuta harufu gani.

Najua umesema nisiulize tena. Nauliza kitu kingine. Mtu ambaye pua yake imefungwa kabisa, anaujuaje mkate? Lazima kuna njia. Mikono yako imekanda miaka mingi, na masikio yako yanasikia treni kabla haijafika. Vitakuwa vinajua kitu ambacho hukuwahi kuviuliza. Niulizie.

Noeli njema kwako na kwa Baba.

Chancelvie wako


Kamina, 21 Januari 2024

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ulinipa kazi.

Niliposoma juu ya mtoto nilimwita baba yako kwa sauti mpaka Kabedi akaja pia, akidhani kuna moto tena. Utauliza moto gani. Kaa chini nikwambie.

Mimi pia pua yangu imefungwa, Chance. Yako itafunguka ukijifungua. Yangu, tangu ile Kwaresima, haijafunguka, na sijui kama itafunguka. Pazia la jikoni liliungua nyuma yangu nisisikie moshi. Niliona aibu. Watu wa mtaa wananiita Mama Mikate, ungemwita hivyo mtu asiyejua kama mkate umechacha? Sikukunyima. Sikuwa na kitu cha kukupa, nami sikujua namna ya kusema.

Basi, baada ya Noeli nikawasha tanuru. Nilimwomba Kabedi akae mlangoni na ndoo, akakaa, anashona. Nikafunga macho nikakanda, nikaiuliza mikono kama ulivyosema. Mkate wa kwanza ulikuwa mbichi. Baba yako alikula hivyohivyo nikamnyang'anya. Ule uliofuata ulikuwa bora. Sasa sikiliza.

Maji utie kidogokidogo, na ukande mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio lako. Shika sikio, shika unga. Vikilingana, acha kukanda.

Ukiumuka, bonyeza kwa kidole. Kishimo kikirudi upesi, bado. Kikirudi polepole, kama mtu anayeamka hataki, ni tayari. Kisiporudi, umeuacha mno, na hapo ndipo unapochacha. Hilo ndilo lililoharibu mikate ya arusi yako. Niliipika, mwanangu. Ilikuwa mingi na mizuri kwa macho.

Ukishatoa makaa tanuruni, tupa unga kidogo kwenye sakafu yake. Sema Baba Yetu bila kukimbia. Ukimaliza na unga umekuwa rangi ya chai, ingiza mkate. Ukiwa mweusi, ngoja, tanuru lipoe. Moto kama huo ndio uliokuharibia mkate ule wa mbuzi.

Mwisho, mkate ukitoka, ugeuze ugonge chini kwa vidole. Ukijibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba, urudishe. Ukilia kama ngoma ndogo, tupu ndani, umeiva. Hili sikulijua, Chance. Miaka yote hiyo nilikuwa nanusa tu, sikuwahi kuugonga. Nimelijua mwezi huu, kwa sababu yako.

Jumapili iliyopita nilipeleka mkate kanisani. Mzee Mbuyu wa kwaya alikula, akaomba wa kumpelekea mke wake. Kwangu mimi hauna ladha, nakwambia ukweli. Lakini ganda linapasuka chini ya meno na ndani ni laini, na hilo nalisikia vizuri sana.

Msalimu Mama Ndaya. Umwambie nilikuwa na wivu, na kwamba umepungua.

Mama yako,
Mbombo


Kabondo-Dianda, 5 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Umelia kama ngoma.

Tuliupika Jumamosi kabla ya Pasaka. Nilishika sikio langu, Mama Ndaya akashika lake, Hénoch akapita akatuona, akageuka akaenda zake. Baba Yetu tulisema wote wawili, yeye kwa Kiluba, mimi kwa Kiswahili, yeye akamaliza kabla yangu, tukabishana nani anasali vizuri. Mkate ulipotoka, niliugonga, tukanyamaza kusikiliza. Mama Ndaya akaniomba augonge yeye pia. Asubuhi ya Pasaka tuliukata na asali. Wanafunzi wangu walikuja kunisalimu, wakajikuta wote wana njaa.

Mvua zimekaribia kuisha. Mwezi uliopita uyoga uliota pembeni ya vichuguu vya huko shambani, mkubwa kama sahani, tukaupika na karanga. Nyasi ziko juu kuliko kichwa changu, na tumbo langu linatangulia kila mahali ninapokwenda.

Nilimpa Mama Ndaya salamu zako kama ulivyoandika, hata ile ya wivu. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kila barua yako ikifika alikuwa anaogopa kwamba unaniita nirudi Kamina.

Mama, uje. Hénoch anasema mwezi wa tano njia itakuwa kavu, na Djo ameahidi kukuendesha polepole. Najua unaogopa kulala katika nyumba usiyoizoea, yenye moto wa watu wengine. Moto wa hapa uko nje, na pua za kuulinda ni nyingi. Mimi nataka mikono yako iwepo.

Chancelvie


Kabondo-Dianda, 22 Mei 2024

Baba Chance,

Una mjukuu. Ni msichana. Amezaliwa Jumatatu kabla ya jua kufika kichwani, na mama yake yuko mzima. Nimeyaandika haya kwanza ili usome mengine umetulia.

Uchungu ulianza Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu mkunga wa kituo cha afya alitutoa nje, mimi na Ndaya, akasema tunamzibia njia. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa namsikia Chance analia, halafu nikawa simsikii. Kimya hicho, Amédée, sikukipenda. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Ndaya akanishika mkono, akaniongoza mpaka nyumbani kwake, ni karibu tu, akamwaga unga kwenye karai. Akasema, "Tukande. Mikono ikikala bule, tutalia."

Tukakanda. Tulikanda unga wa kutosha arusi. Nilisogea karibu yake tukagusana mabega. Tukatoa makaa, tukaingiza mikate, tukafunga mlango wa tanuru kwa bati na tope. Nikamwambia kazi yake ni kunusa tu, mengine ni yangu. Akakubali, akakaa karibu na kichuguu.

Ndipo Hénoch akaja anakimbia. Alifika mbele yetu, akakaa chini kwenye majani, uso mikononi. Mimi nilidhani yameisha. Ndaya alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili yenye unga, akakiinua. Hénoch akasema, "Ni mwanamuke. Banalala bote babili."

Tulilia, Baba Chance, wanawake wazima wawili na yule kijana katikati. Tulilia mpaka jirani akaja kutuuliza kwa nini moshi mweusi unatoka kwenye kichuguu. Mikate yote ilikuwa imeungua. Ndaya alikuwa amekaa hapo karibu, na pua yake nzima usoni, asisikie kitu.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwa mwaka mzima nilidhani mikate duniani inaungua kwa sababu yangu.

Mtoto anaitwa Augustine, na jina la nyumbani ni Mbombo. Ndaya ndiye aliyeomba hilo la pili, mbele ya ndugu zake wote, mimi sikujua. Nilisema "wafwako", asante kwa Kiluba.

Kila anayembeba anainamisha pua kwenye kichwa chake na kufumba macho. Nami nimeinama. Hakuna kitu. Nilimuuliza Ndaya mtoto ananukaje, akafikiri sana, akasema hajui kulinganisha na nini. Basi nimemlaza shavuni, anapumua hapo, joto na unyevu kidogo, na moyo wake naousikia kwa kidole. Nakaa hivyo mpaka Chance ananidai mtoto wake.

Najua ni wewe uliyemwandikia mwezi wa kumi na mbili. Djo hajui kutunza siri. Sijakasirika.

Kesho tunapika tena, maana ndugu wa Hénoch wanaendelea kufika na wameambiwa kuna mkate. Unga unatutosha mpaka Jumamosi. Mwachie Kabedi ufunguo, umwombe amwagilie mpera, upande pikipiki uje. Ukifika usibishe hodi mlangoni, hakuna atakayekusikia. Zunguka nyuma.

Mbombo